Tena Kulekule? Huduma Tatu za Mgeni wa Kurudi na Majibu Zinayokupa

Anayerudi mahali pamoja kila likizo huyasikia maneno yaleyale kabla hajafunga begi: "Tena huko?", "Hamchoki?", "Dunia kubwa hii, tembeeni muone." Wengi hudhani dawa yake ni ulimi mwepesi tu. Naona sivyo. Maneno hayo huuma au hupita kutegemea likizo yenyewe imepangwa na kulipiwa vipi. Anayerudi kwa hiari ana jibu la kweli. Anayerudi kwa sababu mkataba umembana hana, na watu wake wanalijua hilo kabla yake.

Kwa hiyo hapa zinapimwa huduma tatu ambazo wageni wa kurudi huzitegemea: kuweka nafasi moja kwa moja kwa mwenyeji, mipango ya pointi ya hoteli kubwa (unalala kwao, unapata pointi, unazitumia kulipia usiku mwingine), na kununua wiki za likizo (unalipia haki ya kutumia nyumba au chumba cha likizo kila mwaka). Pamoja na bei na masharti, kila moja inaulizwa swali hili: ukishaichukua, utawajibu nini watu wako bila kuwadanganya?

Kwanza tuelewe wanachouliza. "Tena huko?" ya mfanyakazi mwenzako ni salamu tu. Ya mama mkwe huenda ina maana "na kwangu mtakuja lini?" Ya shemeji inaweza kuwa hesabu ya pesa, na ya rafiki wa karibu ni hofu kwamba unajinyima. Usijibu sentensi ya kwanza. Subiri ya pili, maana ndiyo inayobeba swali. Ikija "kwa pesa hizohizo mngefika kwingine", jambo ni pesa. Ikija "na watoto je, wanapenda?", jambo ni haki ndani ya nyumba. Ikija "mimi nisingeweza", mtu anajisemea nafsi yake na hadai jibu lolote.

Hofu ya kuchoka ndiyo inayotajwa zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Mwaka 2019 mtafiti Ed O'Brien wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha majaribio ambamo watu walirudia maonyesho ya makumbusho, filamu na mchezo wa kompyuta. Walipotabiri watakavyofurahia mara ya pili, walikadiria chini kuliko walivyofurahia kweli, kwa sababu mara ya kwanza mengi huwa yamepita bila kuonwa. Anayekuambia utachoka anafanya kosa hilohilo la kutabiri. Huna haja ya kumtajia utafiti. Mtajie kitu kimoja ambacho hukukiona safari zilizopita.

Sababu za kurudi nazo zimechunguzwa zamani. Gitelson na Crompton, katika utafiti wa mwaka 1984, walizigawa mafungu matano: kuepuka hatari ya mahali pabaya, kukutana na watu wa aina unayoipenda, mapenzi na mahali penyewe, kuona yaliyobaki, na kuwaonyesha wengine. Jiulize lako ni fungu gani, kisha ulitaje hilo moja tu. Ukitaja yote matano unamkabidhi mtu matano ya kubishia. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kwa mtu mwenye siku chache za likizo, kuijua hoteli, barabara na hali ya hewa ni faida kubwa. Utafiti wa Jessica de Bloom na wenzake wa mwaka 2013, kwa wafanyakazi waliokuwa kwenye likizo ndefu, uliona hali yao ya afya na raha ikifikia kilele karibu na siku ya nane. Mwenye siku kumi tu akitumia tatu kujifunza njia na kutafuta pa kulala pazuri, anabakiwa na saba tu za kufurahia.

Sasa huduma.

Kuweka nafasi moja kwa moja kwa mwenyeji ndiyo bora kwa wengi, na naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Tovuti kubwa za kuweka nafasi humtoza mwenyeji kamisheni ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 15 ya malipo. Ukienda kwake moja kwa moja, fungu hilo linabaki mezani na mnaweza kuligawana: bei ishuke kidogo, au upewe chumba kizuri zaidi, au uondoke jioni badala ya asubuhi. Mara nyingi kuomba chumba fulani huleta faida kubwa kuliko kuomba punguzo, kwa kuwa mwenyeji hapotezi pesa akikupa.

Utaratibu ni huu. Siku moja kabla ya kuondoka, andika namba ya chumba na mambo mawili yaliyokusumbua: pazia lisilozuia mwanga, bomba linalovuja, kelele za jenereta. Waambie mapokezi uso kwa uso, kwa adabu, na uombe jina la anayepanga vyumba. Ndani ya wiki moja ukifika nyumbani, tuma ujumbe wenye tarehe za mwaka ujao, idadi ya watu, namba ya chumba na yale mambo mawili. Uliza bei yote pamoja na kodi, kiasi cha malipo ya awali, na tarehe ya mwisho ya kufuta nafasi na kurudishiwa pesa. Jibu likija kwa simu, liandike na umtumie alithibitishe. Neno la mdomo hufa siku meneja anapobadilishwa, na mameneja hubadilishwa sana.

Tarehe zina mtego wake. Mwaka una wiki 52 na siku moja, kwa hiyo tarehe ileile husogea siku moja ya juma kila mwaka, na siku mbili ikipitiwa na Februari 29. Penye utaratibu wa Jumamosi hadi Jumamosi, ukiomba "tarehe zilezile" utaangukia katikati ya wiki za watu wengine na kuambiwa pamejaa. Omba wiki, kisha uhakikishe tarehe.

Kinachoharibika kwa njia hii ni ulinzi. Ukilipa nje ya tovuti, tovuti haitakutetea nyumba ikiuzwa au ukikuta wengine chumbani. Baadhi ya tovuti pia zinamkataza mwenyeji kuwapokea nje ya tovuti wageni aliowapata kwao, hata wanaporudi. Soma masharti kabla ya kumwingiza mtu matatani. Lipa kwa kadi pale inapowezekana, maana benki inaweza kuombwa irudishe pesa. Na ukiletewa barua pepe ya ghafla yenye akaunti mpya ya benki, usitume chochote mpaka umepiga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Wizi wa namna hii unaweza kumnasa hata mteja wa miaka mingi, kwa sababu anaamini jina analoliona.

Majibu ambayo huduma hii inakupa ni mepesi na ya kweli. Kwa anayeuliza pesa: "Tunajua tutalipa kiasi gani tangu mwanzo wa mwaka, hakuna la kushtukiza." Kwa anayesema mmefungwa: "Tunaweza kufuta mpaka mwezi mmoja kabla." Jibu la pili ndilo lenye nguvu, na ni hili huduma ya tatu haiwezi kukupa.

Mipango ya pointi ya hoteli kubwa inapata nyota tatu. Si mibaya. Ila imetengenezwa kwa msafiri wa kazi anayelala hotelini mwaka mzima, na mgeni wa likizo moja anaingia kama mpita njia. Chukua Marriott Bonvoy, mpango wa hoteli za Marriott wenye jina hilo tangu 2019. Daraja la kwanza, Silver, linataka usiku 10 kwa mwaka wa kalenda, Gold 25, na Platinum 50. Anayelala usiku 14 kila mwaka atabaki Silver, apate nyongeza ya asilimia 10 ya pointi na vijifaida vidogo. Daraja la maisha la ngazi hiyo, yaani Silver usiyohitaji kuitafuta upya kila mwaka, linataka usiku 250. Kwa usiku 14 kwa mwaka utalifikia mwaka wa kumi na nane. Umerudi hoteli ileile mara ngapi, mpango hauulizi.

Mtego mkubwa ni muda. Pointi za Bonvoy hufutwa baada ya miezi 24 bila shughuli. Aliyekwenda Julai, akaruka mwaka, kisha akarudi Agosti ya mwaka wa pili, amezipoteza kwa mwezi mmoja tu. Kupata au kutumia pointi chache kabla ya siku hiyo kunaanzisha hesabu upya. Tena, usiku ulionunuliwa kupitia tovuti ya mtu wa kati kwa kawaida hauhesabiwi, na hili huwauma wengi wakati umeshapita.

Kwa watu wako, pointi ni jibu zuri kwa aina moja tu ya lawama: ile ya kwamba huwezi kwenda kwingine. Unaweza, maana pointi zinatumika kwenye hoteli nyingine za mtandao huohuo. Lakini usiseme mnarudi "kwa sababu ya pointi". Msikilizaji atasikia kwamba hoteli imewachagulia likizo, na akisikia hivyo hatakuwa amekosea sana.

Kununua wiki za likizo kunapata nyota moja na nusu. Mfano unaojulikana sana ni Disney Vacation Club, klabu ya likizo ya kampuni ya Disney, ulioanza mwaka 1991 Florida, Marekani. Badala ya wiki kamili, unanunua pointi za kila mwaka za kulipia malazi, zilizofungwa kwenye mali yenye tarehe ya mwisho, na kwa jengo la kwanza mikataba mingi inaisha 2042. Mauzo ya namna hii humlenga hasa mgeni wa kurudi: mnakuja kila mwaka, si heri mmiliki? Hesabu haiishii kwenye bei ya kununua. Kuna ada ya matunzo ya kila mwaka, uende usiende, nayo kwa kawaida hupanda. Wiki zilizonunuliwa kwa muuzaji wa kwanza mara nyingi huuzwa tena kwa sehemu ndogo ya bei ile, na nyingine hazipati mnunuzi kabisa. Wiki zenye namba, kwa mfano wiki ya 30 ya kila mwaka, zina kasoro nyingine: miaka kadhaa huwa na wiki 53, kama 2026, na baada yake wiki yako inaweza isiangukie tena kwenye likizo ya shule.

Ukisaini kwa shinikizo, siku ni chache. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2008 inatoa siku 14 za kujitoa na inakataza kupokea malipo ya awali ndani ya siku hizo. Florida inatoa siku 10. Andika barua ya kujitoa kwa njia inayoacha ushahidi wa tarehe, kwa anwani iliyo ndani ya mkataba. Kumwambia muuzaji hakutoshi.

Hapa ndipo maneno ya watu yanapokuwa na haki. Ndugu akiuliza "mkitaka kwenda kwingine itakuwaje?", na jibu la kweli ni "ada tutalipa tu", basi hilo ni onyo, lipokee. Huduma hii inamfaa mtu mmoja: aliyerudi kwa miaka mingi tayari, anayenunua kwa mmiliki anayeuza tena kwa bei ya chini, na ambaye ada ya mwaka peke yake ni ndogo kuliko kukodi chumba kilekile.

Huduma yoyote utakayochagua, kuna lawama ambayo haijibiwi kwa maneno: ya mtu anayesafiri na wewe. Mwenza au kijana wa miaka kumi na minne akisema amechoka, usimsomee faida. Mpe siku nzima mbili zake, azipange mwenyewe, na wote mmfuate. Au ondoeni usiku mbili au tatu mwanzoni mlale kwingine njiani. Usiku wa kulala kwa mwenyeji upunguzwe tangu siku ya kuweka nafasi, maana ukipunguza baadaye unaweza kutozwa. Au kila mwaka wa tatu achague mwingine, na mwenyeji aambiwe mapema ili wiki yenu isihesabiwe kuwa mmeiacha. Wengi huogopa kupoteza nafasi yao. Mwenyeji mzuri humwandikia mgeni aliyeaga, na humsahau aliyepotea kimya.

Kwa wakubwa, heshima itangulie: "Ni kweli mama, dunia ni kubwa. Mwaka huu bado tunakwenda kulekule, na mwezi unaofuata tuko kwako." Tarehe ya kumtembelea itajwe palepale, kwa sababu hiyo ndiyo aliyoiuliza. Kwa mwenzako wa kazini inatosha "Ndiyo, tena. Nyie mnaelekea wapi?" Usidharau safari za wengine kwa kusema wanakimbizana na picha, ukishafanya hivyo umewapa sababu ya kuihesabu yako.

Bado yupo anayesema, "Basi twende wote tukaone." Mwache aweke nafasi yake mwenyewe, kwa jina lake, kwa usiku usiozidi wanne, chumba kisichopakana na chako. Mwambie mapema mambo matatu yasiyopendeza huko. Aliyesifiwa mno mahali hufika akitafuta kasoro, na asipopapenda, lawama atamrudishia aliyemleta na si mwenyeji.