Slo kuka, presha kuka au kapu la kutunza joto? Cha kununua kwa ajili ya makande, mtori na kongoro hapa Arusha na Moshi

Ikifika Juni baridi inaanza kuuma, kila mtu anataka chakula kizito cha moto, na maswali ndo yanaanza: nichukue ile slo kuka (sufuria ya umeme inayopika taratibu kwa masaa mengi) niliyoiona kwa jirani au presha kuka? Jibu langu kwa nyumba nyingi za huku ni presha kuka ya umeme, slo kuka ifuate. Ila kuna watu ambao kwao hiyo ya pili ndo ilitakiwa iwe ya kwanza, kwa hiyo soma mpaka ujijue upo kundi gani.

Kuna kitu kimoja wauzaji hawakisemi na maelekezo ya kwenye boksi hayakijui. Arusha mjini tupo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na huku juu maji yanachemkia nyuzi 95 hivi, sio 100. Moshi mjini wapo chini kidogo, kama mita 800 na kitu, wao wanapata nyuzi 97. Ndo maana maharage yaleyale ambayo shangazi yako wa Dar anayaivisha fasta, huku yanakula mkaa mchana kutwa, na ukipanda Marangu au Olmotonyi ndo balaa zaidi. Kwa hiyo ukisoma mapishi ya Ulaya yanakwambia masaa manane, wewe weka na la tisa pembeni.

Namba 1: Presha kuka ya umeme, lita 6

Hii inafunga mvuke ndani, joto linapanda mpaka nyuzi 110 na zaidi, kwa hiyo habari ya mlima inapungua sana. Maharage yaliyolala kwenye maji usiku yanaiva ndani ya nusu saa ukihesabu na muda wa kupanda presha, kongoro lisaa limoja hivi, makande yakilowekwa vizuri dakika 45 mpaka saa moja. Kuku wa kienyeji, yule jogoo mzee wa Krismasi ambaye ukimchemsha kawaida anakuangalia tu, hapa anaachia mfupa.

Watu wanaogopa wakiona imeandikwa wati 1,000, wanasema hii itamaliza luku. Hapana jamani. Inavuta wati zote hizo mpaka presha ipande, baada ya hapo inawaka na kuzima yenyewe, sufuria zima la maharage kwa kawaida halifikishi unit moja. Sasa piga hesabu: umeme wa elfu kumi kwa tarifu ya kawaida ni kama unit 28, unit moja ni shilingi 350 na kidogo. Mkaa wa kuivishia maharage hayohayo unaujua mwenyewe.

Ukiwa dukani mwambie muuzaji akufungulie boksi, usinunue kwa picha. Toa sufuria ya ndani uishike. Kuna za nonstiki na kuna za stenlesi, mimi ningechukua stenlesi hata kama inaongezeka bei, sababu nyumbani kwetu kuna watu wanakoroga na kijiko cha chuma na huwezi kuwakataza wote, nonstiki ikianza kubanduka sufuria ndo imeisha hiyo. Afu geuza mfuniko uangalie ule mpira unaozunguka kwa ndani. Mpira huu ndo roho ya mashine, ukichoka presha haipandi, na pia unashika harufu, ukipika supu yenye kitunguu swaumu kingi leo, kesho wali utanukia supu. Muulize kabisa: mpira wa akiba unao? Kama hana na hajui wa kupata wapi, nenda duka la pili. Muhimu kuliko jina la kampuni huo mpira.

Wengine watakwambia hii ina kitufe cha slo kuka pia, kwa hiyo umepata mbili kwa bei ya moja. Ni kweli nusu. Presha kuka inapasha kwa chini tu, wakati slo kuka yenyewe ina waya wa joto unaozunguka ubavuni, kwa hiyo ukitumia kitufe hicho weka kwenye joto la juu kabisa, ile ya chini nyingi huwa zinapasha kidogo mno, unarudi jioni nyama bado inavuta.

Na tafadhali, maharage yasizidi nusu ya sufuria. Yanatoa povu, povu linaziba valvu.

Namba 2: Slo kuka yenyewe

Hii ni ya mtu anayetoka asubuhi saa kumi na mbili na nusu, anarudi jioni, na anapika nyama zaidi kuliko nafaka. Kama ni wewe, ifanye namba moja na wala usinisikilize hapo juu.

Uzuri wake upo kwenye nyama ngumu. Muundi, mkia, kongoro, ulimi, shingo, vile vipande ambavyo bucha wanakuuzia kwa bei ya kueleweka sababu vina mishipa na gegedu. Zile nyuzi ngumu zinahitaji masaa ya joto la taratibu ndo ziyeyuke ziwe ule utelezi unaogandisha mdomo, na slo kuka inafanya hivyo bila wewe kuiangalia. Steki usiweke, inakauka kama kamba. Mtori nao unatoka vizuri sana: mifupa na nyama usiku kucha, asubuhi unatupia ndizi mshare zilizomenywa, unahakikisha zimezama ndani ya supu zisiwe nyeusi, zikiiva unaponda na mwiko, maziwa au siagi unaweka mwishoni kabisa.

Tabia zake uzijue kabla hujalipa. Maji hayapungui, mfuniko unarudisha kila tone ndani, kwa hiyo weka kidogo kuliko ulivyozoea. Haikaangi, kwa hiyo kitunguu na nyanya vikaange kwanza pembeni, la sivyo unapata mchuzi mweupe wenye ladha ya hospitali. Ukifunua funua kuchungulia, kila mara unaongeza dakika 20 au 30 za kupika, wenye watoto nyumbani mnisikie. Nyama iliyoganda kwenye friza usitumbukize hivyohivyo, iyeyushe kwanza, na lisaa la kwanza weka joto la juu ndo ushushe.

Sasa maharage. Cha kuchekesha ni kwamba mashine hii ilizaliwa kwa ajili ya maharage: Mmarekani Irving Naxon alipata hataza yake mwaka 1940, akawa anaiuza kwa jina la Naxon Beanery, kampuni ya Rival ikainunua kampuni yake 1970 na mwaka uliofuata wakaileta upya kama Crock-Pot. Lakini maharage yetu mekundu ndo kitu usichotakiwa kutupia humo yakiwa mabichi. Yana sumu ya asili, aina ya lektini, ambayo inakufa kwa kuchemka kwa nguvu, na slo kuka kwenye joto la chini haichemki hivyo, yanaweza kulainika kabisa na sumu bado ipo, masaa machache baadaye nyumba nzima inatapika. Loweka usiku, mwaga yale maji, chemsha kwenye gesi kwa moto mkali nusu saa, ndo uhamishie. Kiburu (ndizi na maharage) na makande sheria ni hiyohiyo. Ukiona hiyo ni kazi mara mbili, upo sahihi, na ndo sababu nimeiweka namba mbili.

Umeme: ya lita 6 ni wati 250 mpaka 300 hivi, masaa manane ni unit mbili na kidogo kwa juu kabisa. Ya lita 3.5 inawatosha watu wawili watatu. Usinunue kubwa kwa sababu ya wageni wa Desemba, hizi zinataka zijae angalau nusu, zikiwa na chakula kidogo kinaungua pembeni.

Kuhusu umeme kukatika. Hapa chagua ya kitasa cha kuzungusha, sio ya dijitali. Ya dijitali umeme ukikatika ukarudi nyingi zinabaki zimezima, unakuta saa kumi na moja jioni nyama ipo uvuguvugu toka asubuhi. Ya kitasa inaendelea yenyewe. Lakini hata hiyo, ukijua umeme ulikatika zaidi ya masaa mawili na hukuwepo nyumbani, mwaga. Najua inauma, nyama sio bei rahisi, ila mwaga. Kama upo nyumbani, hamishia kwenye gesi palepale.

Za mtumba zipo na nyingine nzuri sana kuliko mpya za boksi. Geuza chini usome kibati. Ikiwa 220 mpaka 240 volti, sawa, ya Uingereza inakuja na plagi yetu ileile ya miguu mitatu. Ikiandikwa 110 au 120 hiyo ni ya Marekani, ukichomeka kwenye 230 ya TANESCO imekufa na pengine na soketi, muuzaji atakwambia kuna adapta, adapta inabadilisha miguu tu haibadilishi umeme. Halafu toa lile bakuli la kauri, lishike kwa mkono mmoja huku unaligonga ukingoni na kucha. Zima linalia kama kengele, lenye ufa linajibu kwa sauti iliyokufa. Mfuniko wa kioo ukalie sawasawa, ukicheza joto linatoka. Na hakikisha bakuli linatoka, yale yaliyogandishwa na mashine kuosha ni mateso.

Namba 3: Presha ya kuweka kwenye gesi

Bei chini ya ya umeme, haijali umeme ukikatika, na kwa kasi haina mpinzani. Shida ni moja, lazima uwepo. Ikishapiga filimbi unapunguza moto na unahesabu dakika mwenyewe, hii sio ya kuacha uende Kilombero sokoni. Kwa aliyepanga chumba kimoja na ana mtungi mdogo wa gesi, hii ndo ningemwambia anunue, hizo mbili za juu zisubiri. Zile nyepesi sana za alumini ruka, na ukipika na magadi ndo kabisa, alumini na magadi haviendani.

Namba 4: Kapu

Linadharauliwa bure. Kapu kubwa lenye mto wa pamba au sponji ndani, unachemsha sufuria kwenye moto dakika 20 hivi, unalitumbukiza likiwa linatokota, unafunika, unaondoka. Wali, kuku wa kisasa, ndizi nyama, vinamalizikia humo bila hata senti ya moto. Nyama ngumu kabisa haliwezi peke yake, utalitoa urudishe jikoni uchemshe tena katikati. Anayejua kushona hana haja ya kununua, na aliye na slo kuka au presha bado litamfaa siku umeme umekata katikati ya kupika, maana unasogeza sufuria humo wakati unatafuta gesi.

Bei sijaandika makusudi, kila duka lina yake na dola ikicheza nazo zinacheza. Zungukia maduka mawili matatu ya mjini, omba wakuwashie mbele yako na maji kidogo ndani, ya presha uione mpaka kile kipini cha kufunga kinapanda, dakika kumi tu hizo. Risiti ya EFD chukua, bila hiyo waranti ni maneno. Na ekstensheni ile nyembamba ya kuchajia simu usiitumie kwa mashine ya wati 1,000, chomeka ukutani.