Puli ndogo ya asilimia 15 kwa Mini Cooper S
Puli hii, iliyotengenezwa kwa ajili ya Mini Cooper S ya 2002 hadi 2006 yenye supachaja (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) ya Eaton M45, ina kipenyo kilichopungua kwa asilimia 15, na kwa hiyo supachaja huzunguka kwa kasi inayozidi ile ya awali kwa takriban asilimia 18. Imechongwa vizuri, na mifereji yake haina kwaruzo hata moja. Gari huchangamka hasa kwenye mwinuko, ingawa mvumo nao umeongezeka (binafsi naupenda). Mkanda mfupi zaidi ni wa lazima, kwani ule wa zamani hulegea na kuteleza. Puli ya asilimia 19 nisingeipendekeza kwa injini ambayo haijafanyiwa marekebisho mengine, maana hewa hupata joto linaloielemea intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini) ndogo iliyopo juu ya injini.