Lenzi ya usiku kwa renjifainda: kabla ya kuuliza f/ ngapi, uliza fokasi inahamia wapi

Mzee anayekamua miwa pale Forodhani alinikubalia nimpige picha, akatulia kama yuko studio. Nilikuwa umbali wa mita moja hivi, taa ni moja tu juu ya mashine yake, na tundu la lenzi nimelikaza kidogo hadi f/2.8 ili nisikose (namba ya f/ ikikua, tundu linapungua). Kamera yangu ni renjifainda, yaani unalenga kwa dirisha lake la pembeni, si kupitia lenzi, hadi taswira mbili zikutane. Kwenye dirisha hilo taswira mbili za jicho lake zikakutana sawasawa, nikabonyeza. Siku tatu baadaye nikausafisha ule mkanda, nikautazama kwa kioo cha kukuzia. Jicho limefifia kama liko nyuma ya mvuke wa chai, lakini ukingo wa kofia yake ya viua, pale juu ya sikio, unahesabu uzi mmoja mmoja. Mkanda una picha 36, na zile za f/2 na f/2.8 karibu zote ziko hivyo hivyo. Nilizopiga tundu likiwa wazi kabisa, f/1.4, hazina kasoro.

Nikalaumu macho yangu. Nikalaumu kamera, nikampelekea fundi, naye akaniambia kamera haina neno. Mkorofi alikuwa lenzi yenyewe. Jina lake nalihifadhi, maana niliinunua mwenyewe kwa kutamani namba iliyoandikwa mbele. Lakini aliyeniuzia alijua. Nilipomrudia alinijibu, "Dada, hiyo ndiyo tabia yake." Tabia! Na kwenye tangazo mbona haikutajwa?

Kwa hiyo hapa hutasoma habari za ukali wa pembeni, rangi, wala yale maduara ya taa nyuma ya sura ambayo watu wanayaandikia kurasa na kurasa. Nina jambo moja tu: fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, kuhama unapokaza tundu.

Mambo yako hivi. Katika lenzi nyingi zenye tundu pana, mwanga unaopita pembeni mwa kioo haukutani mahali pamoja na ule unaopita katikati. Tundu likiwa wazi, fokasi unayoipata ni mapatano ya mianga hiyo miwili. Ukilikaza, mwanga wa pembeni unazuiwa, wa katikati unabaki peke yake, na fokasi inarudi nyuma sentimita kadhaa. Mwenye kamera inayoonyesha picha kupitia lenzi yenyewe anaweza kuliona hilo na kurekebisha. Sisi wa renjifainda hatuoni kitu. Dirisha letu limeungana na lenzi kwa mkono mdogo wa chuma wenye kigurudumu, na kigurudumu hicho kinajua umbali tu. Uko f/1.4 au f/4, chenyewe hakina habari.

Ukifika f/5.6 au f/8, eneo lililo kwenye fokasi limeshapanuka likaficha aibu. Ukiwa wazi kabisa, kama lenzi imepimwa kwa tundu hilo, uko salama. Balaa liko katikati, f/2 hadi f/4, na huko ndiko tunakoishi sisi tunaopiga harusi za usiku, vibaraza na meza za urojo. Kwa lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa f/1.5, ukiwa mita moja, eneo lililo kwenye fokasi ni kama sentimita tatu na nusu. Hapo hakuna nafasi ya lenzi kuwa na "tabia".

Chaguo langu la kwanza, wala sifichi upendeleo, ni Voigtländer Nokton ya milimita 50, f/1.5. Jina hilo lina historia ndefu. Nyumba ya Voigtländer ilianzia Vienna mwaka 1756, na mwaka 1840 ndiyo iliyotengeneza lenzi ya picha za sura aliyoibuni Joseph Petzval, yenye tundu la f/3.6 hivi, wakati ambapo kukaa mbele ya kamera ilikuwa ni kuganda kama mti. Leo lenzi zake zinatengenezwa na Cosina wa Japani, walioanza kulitumia jina hilo mwaka 1999. Nokton ya kwanza ya skrubu ilitoka mwaka huo huo, na unaweza kuifunga kwenye renjifainda za Leica M kwa pete ya kuunganishia. Za baadaye zinaingia moja kwa moja. Yangu nimeipima kwa rula kuanzia f/1.5 hadi f/4, na jicho nililolilenga linabaki jicho. Ni nyepesi, haikuzibii dirisha, na bei yake haikufanyi uogope kutoka nayo usiku. Mimi hapo nimefika. Zinazofuata nazitaja kwa kuwa mtaniuliza.

Ya pili ni Leica Summilux ya 50, f/1.4 ASPH, iliyotoka 2004. Ndani yake kuna kundi la vioo linalosogea peke yake unapozungusha fokasi, na ni lenzi safi hasa. Ikiwa mpya inapita dola 4,000. Sina la kuongeza. Ndugu yake wa milimita 35 ana kisa cha kufundisha: toleo la 1994 lilisifiwa kila mahali, lakini fokasi yake ilihama, na walipoanza kuifunga kwenye Leica za dijitali kila mtu akaiona kwenye kompyuta. Mwaka 2010 likaja toleo lenye vioo vinavyosogea. Matoleo haya mawili kwa jina ni pacha, na wauzaji wengine hawaoni haja ya kukwambia ni lipi. Uliza mwaka.

Ya tatu ni Zeiss C Sonnar ya 50, f/1.5. Mchoro wake unatokana na Sonnar za Ludwig Bertele za miaka ya 1930, na kwa sura za watu ina ulaini ambao Nokton yangu haina, nakiri. Lakini kwa kuhamisha fokasi hii ndiyo mfalme, na Zeiss wenyewe hawakuficha. Zipo zilizopimwa zilenge sawasawa kwenye f/2.8, na zipo zilizopimwa kwa f/1.5. Ya f/2.8 ukiifungua kabisa inalenga mbele, na ya f/1.5 ukiikaza inalenga nyuma. Mwenye kujua ya kwake ni ipi anajifunza kuinama kidogo mbele au nyuma kabla ya kubonyeza, kama anayesalimia wakwe. Msomaji mmoja wa Mombasa aliniandikia kwamba mwaka mzima amekuwa akijiona hajui kupiga picha, kumbe yake ni ya f/2.8 naye anaifungua hadi mwisho kila usiku. Muuzaji alimwandikia tu "ukali wa ajabu".

Na msidhani Voigtländer nawaachia kila kitu. Nokton Classic ya milimita 35, f/1.4, ile ya kwanza, inahama. Toleo la pili la 2019 limepunguza sana tatizo hilo. Kama unataka 35, tafuta la pili, au uridhike na Ultron ya f/2, kalenzi kadogo kasikokusumbua.

Hiyo f/2 msiidharau. Kutoka f/2 kwenda f/1 ni hatua mbili za mwanga, kila hatua ikiuzidisha mara mbili. Kuichukua filamu ya Ilford HP5 ya kasi ya ISO 400, kuipiga kama ya 1600 na kuiacha kwenye dawa muda mrefu zaidi, nako ni hatua mbili. Punje zitaonekana, ndiyo. Lakini dawa ya kusafishia ni chupa moja tu, na Noctilux, lenzi ya Leica ya f/1, ni bei ya pikipiki na chenji inabaki kwa muuzaji.

Za bei rahisi? 7Artisans ya 50, f/1.1 inahama, ila unaweza kuirekebisha mwenyewe kwa bisibisi ilenge kwenye tundu unalolitumia zaidi. Jupiter-3 ya Warusi ni ya kamari, kwani vipimo vyake vilifuata kamera za Contax na si Leica. Basi.

Nirudi kwa wauzaji, maana hawajanitoka moyoni. Tangu vijana warudie filamu, kila mwenye kabati la marehemu babu amekuwa mtaalamu wa lenzi. Picha kumi za tangazo, tisa ni za boksi na mkoba wa ngozi. "Vumbi kidogo, halidhuru picha", na ukiimulika tochi unakuta ukungu umetandaza mizizi kama kwenye ukuta wa Mji Mkongwe. Bei imewekwa kwa dola, na ukiomba picha moja tu iliyopigwa f/2.8 kwa mita moja, unaambiwa kuna mteja mwingine anasubiri. Mwache anunue huyo mteja mwingine. Nokton yangu ilitoka Maskati kwenye sanduku la shangazi, imeviringishwa ndani ya kanga, baada ya binamu yangu kwenda dukani na rula.

Naam, rula. Ilaze mezani, umbali wa mita moja, kamera ikiitazama kwa mshazari wa nyuzi 45 na imesimama kwenye miguu mitatu. Lenga mstari wa sentimita 15. Piga tundu likiwa wazi kabisa, kisha f/2, f/2.8 na f/4, bila kuigusa tena pete ya fokasi. Kamera ikiwa ya dijitali unapata jibu dakika hiyo hiyo. Ikiwa ya filamu, andika kila tundu kwenye karatasi na uiweke ndani ya picha, maana utasahau. Mstari wa 15 ukififia na wa 19 ukang'aa, mrudishie lenzi yake, mshukuru, uondoke.

Ile yangu ya kwanza bado iko kabatini. Wazi kabisa inapiga vizuri, na f/8 mchana haina shida. Nitaiuza. Kwenye tangazo picha ya kwanza itakuwa ya yule mzee wa miwa, jicho lake limefifia na kofia yake inang'aa.