Seva ya imeili: uiwashe kwa mkono au uiachie systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux)?

Hapa Moshi nina kikompyuta cha zamani chini ya meza kinaendesha Dovecot, programu ya seva ya barua, na Thunderbird (programu ya kusomea barua) kwenye laptopu inavuta barua pale kwa IMAP, njia ya kusoma barua zilizo kwenye seva. Mwanzoni nilikuwa naiwasha mwenyewe, nafungua tmux (dirisha la amri linaloendelea hata ukitoka), naandika `dovecot -F`, basi. Kwa kujifunza ni tamu jamani, faili la konfigi likiwa na kosa inagoma hapohapo mbele ya macho yako na mstari unatajiwa, unarekebisha unawasha tena. SSH, yaani muunganisho wa kuingia kwenye mashine kwa mbali, ikikatika haina shida, tmux inaendelea tu.

Shida ni umeme. Siku moja niko zangu sokoni Mbuyuni nataka kusoma barua kwenye simu, kimya, kumbe nyumbani umekatika ukarudi, mashine imejiwasha vizuri ila tmux ndo imeshapotea hivyo hakuna wa kuiamsha Dovecot.

Systemd unaandika mara moja `systemctl enable --now dovecot`, kila mashine ikiwaka nayo inaamka. Kosa linajificha kidogo, mpaka uchungulie kumbukumbu zake kwa `journalctl -u dovecot`, inaboa ukiwa na haraka. Sasa hivi nimeiachia systemd, tmux nafungua nikiwa nachezea mipangilio tu, ila isimamishe kwanza ile ya systemd maana zitagombania poti 143, mlango wa IMAP.