Pikapu yangu ya umeme: miezi 18 barabarani, siku 33 gereji

Wiki ya tatu ya Januari 2025, hapa St. Cloud, Minnesota, baridi ilikuwa imepita nyuzi 25 chini ya sifuri. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilitoka na boksi la kwanza la vigae begani kwenda kupakia pikapu yangu, ambayo ilikuwa na miezi minne tu tangu niinunue. Nikabonyeza rimoti, kimya. Nikasogeza simu mlangoni, kimya. Hakuna taa, hakuna kitasa kilichotikisika. Gari lilikuwa limelala kwenye chaja usiku kucha, na usiku ule kabla sijalala simu ilinionyesha betri asilimia 90. Mteja wangu alikuwa Sauk Rapids ananisubiri nimalizie bafu lake.

Kazi yangu ni kuweka vigae na sakafu. Gari likigoma, siku hiyo sina kazi, na kijana ninayemlipa anakaa nyumbani. Kwa hiyo haya ninayoandika si maoni ya mtu wa kwenda nalo sokoni Jumamosi. Jina la kampuni silitaji, maana shida nilizozipata nimeona wenye pikapu za umeme za aina nyingine nao wanazo.

Asubuhi ile nilifungua mlango kwa ule ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, nikampigia shemeji yangu aliyeko Moshi, Tanzania. Yeye ni fundi umeme wa magari, gari la umeme hajawahi kulishika. Nikamweleza kwamba betri imejaa lakini gari halifunguki.

"Shemeji, achana na ile kubwa. Ndogo umeipima?"

Nilikuwa hata sijui kama ina betri ndogo. Yeye ndiye aliyenifanya nisome kitabu cha gari pale pale nikiwa natetemeka. Nyuma ya kifuniko kidogo kwenye bampa la mbele kuna nyaya mbili. Ukizipa umeme wa volti 12 kutoka nje, boneti inafunguka. Nikafanya hivyo, nikaweka testa kwenye tamino. Volti 9.4.

"Tisa? Hiyo imekufa. Ikiwa imejaa na imetulia inatakiwa 12.6. Busti, halafu usilizime mpaka ufike kwa mafundi."

Naomba nieleze hapa kidogo, kwa sababu kama ningelijua hili kabla ya kununua ningeuliza maswali mengine kabisa dukani. Pikapu ya umeme ina betri mbili. Ile kubwa iko chini ya sakafu, volti mia nne hivi, ndiyo inayosukuma mota. Lakini kwa usalama, kubwa hiyo hukatwa kabisa na gari kila linapozimwa. Kinachoiunganisha tena ni relei nzito, yaani swichi zinazojifunga kwa umeme, na relei hizo, pamoja na kufuli za milango, kompyuta na skrini, hutumia volti 12 za betri ndogo, ile ile tuliyoizoea kwenye Corolla. Ndogo ikifa, kubwa haina wa kuiamsha, hata kama imejaa pomoni. Na kwa kuwa hakuna injini, hakuna altaneta ya kuichaji. Betri ndogo inachajiwa na kifaa kinachopunguza umeme wa betri kubwa hadi kufikia kiwango cha volti 12 na kidogo. Kifaa hicho kikizembea, au kompyuta fulani ikikataa kulala usiku na kuendelea kunyonya umeme, asubuhi unakuta jeneza.

Duka la hapa mjini lililoniuzia gari halikuwa na fundi mwenye mafunzo ya umeme mkubwa. Ikabidi libebwe hadi upande wa Minneapolis, maili 65 kwa barabara ya I-94. Siku sita za kazi. Wakabadilisha betri ndogo, wakaniambia ni baridi. Nilikubali, kwa sababu ni kweli baridi huua betri za asidi. Wiki tatu baadaye, mwezi wa pili, likafanya vile vile, na siku hiyo hakukuwa na baridi ya kutisha. Siku nne nyingine. Safari hii wakasema ni programu, wakaweka sasisho jipya na kunirudishia.

Sasisho lenyewe lilikuja na yake. Skrini ikawa inazimika katikati ya safari, na kwenye gari hili skrini ndiyo yenye kila kitu: joto la ndani, vioo, kamera ya nyuma. Kamera ya nyuma Marekani ni lazima kisheria kwa kila gari jipya jepesi tangu Mei 2018, kwa hiyo skrini kuzimika si jambo dogo la muziki kukatika. Nililiripoti kwa mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, kupitia tovuti yao. Ni fomu ya dakika kumi tu. Ukiweka namba ya chasisi pale unaona pia kama gari lako limeitwa kurudishwa kwa marekebisho. Watu wengi hawajui kwamba malalamiko ya aina hiyo ndiyo yanayoweza kuifanya mamlaka ianze uchunguzi. Na pikapu za umeme zimeitwa sana: Rivian iliita zaidi ya magari 12,000 mwaka 2022 kwa sababu ya boliti ya kiungo cha gurudumu la mbele iliyoweza kuwa haijakazwa, Tesla ikaita Cybertruck 3,878 Aprili 2024 kwa sababu ya kifuniko cha pedali ya kuongeza mwendo kilichoweza kuchomoka na kunasa. Ni magari machanga, yanajifunza mikononi mwa wanunuzi.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonitoa imani lilikuwa mwezi wa tatu.

Nilikuwa I-94 natoka Monticello kurudi nyumbani, nyuma nina tela ndogo yenye mashine ya kukatia vigae na mifuko ya gundi. Mvua iliyochanganyika na theluji. Ghafla likalia kengele, skrini ikaandika kwamba nguvu imepunguzwa, nisimame mahali salama. Mwendo ukashuka kutoka maili 70 hadi 35 ndani ya sekunde chache huku malori yakinijia kwa nyuma. Nilikanyaga pedali hadi sakafuni, halikuongeza kitu. Nikawasha taa za hatari, nikasogea pembeni, na dakika moja baadaye likazima kabisa. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa kiti cha pembeni yangu. Mpaka leo tukikaribia Monticello huwa ananitazama.

Walikaa nalo siku 15. Chanzo kilikuwa konekta ya nyaya za umeme mkubwa inayoingia kwenye mota ya nyuma: mpira wake wa kuzuia maji haukukaa sawasawa kiwandani, maji ya chumvi ya barabarani yakaingia. Kompyuta ilipoona umeme unaanza kuvuja kuelekea bodi, ikafanya inachotakiwa kufanya, ikakata. Hilo nimelielewa na ninashukuru ilikata. Lakini mpira mmoja unaotoshea kiganjani ulikuwa unatosha kumwacha mtu na mtoto wake katikati ya barabara kuu.

Muda huo wote nilipewa gari dogo la petroli la kutumia. Vigae haviingii. Nilikodi pikapu kwa fedha yangu, dola 95 kwa siku, na marejesho ya gari langu lililolala gereji nikaendelea kuyalipa kila mwezi. Mshauri wa huduma alikuwa mtu muungwana, kila nikipiga simu ananijibu kwa upole, ila kila mara jibu ni lile lile, tunasubiri kipuri, tunasubiri wahandisi wa kiwandani. Nilichogundua ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa hana uwezo. Fundi wa umeme mkubwa pale alikuwa mmoja, na wateja wa nusu ya jimbo wanapanga foleni kwake.

Mwezi wa nne, betri ndogo ikafa mara ya tatu. Siku nane. Hapo jumla ikawa siku 33 za kazi.

Rafiki yangu kutoka Mombasa, ambaye aliwahi kupitia haya na gari la petroli, aliniambia, "Kaka, wacha kupiga simu. Andika." Minnesota ina sheria ya magari mabovu mapya, yale ambayo Wamarekani huyaita malimau. Ndani ya muda wa waranti au miaka miwili ya mwanzo, kutegemea kipi kinaisha mapema, kama kasoro moja imetengenezwa mara nne au zaidi bila kupona, au gari limekaa gereji siku 30 za kazi au zaidi, sheria inachukulia kwamba kampuni imepewa nafasi ya kutosha. Lakini lazima uwe umewaandikia angalau mara moja, kampuni au wakala wake, ukiwaeleza kasoro na kuwapa nafasi ya kurekebisha. Simu hazihesabiki. Niliandika barua kurasa mbili, nikaambatanisha karatasi zote nne za gereji zenye tarehe ya kuingia na kutoka, nikaituma kwa posta ya kusainiwa. Tafadhali, kila mara gari likiingia gereji usikubali kuondoka bila karatasi, hata wakikuambia hakuna walichokikuta. Karatasi ya "hatukukuta tatizo" nayo ni ushahidi kwamba ulilipeleka.

Baada ya miezi minne ya kusubirishwa, jibu la barua lilichukua siku sita. Akaja mhandisi wa kampuni mwenyewe. Alikuta mambo mawili ambayo wote waliotangulia hawakuyaona pamoja: kompyuta ya mawasiliano, ile inayoongea na simu yangu, ilikuwa hailali usiku, na kile kifaa cha kuchaji betri ndogo kilikuwa kinajizima kikipata baridi. Kimoja kinamwaga, kingine hakijazi. Ukibadilisha betri peke yake huwezi kupona. Walibadilisha vyote viwili, wakaweka pia waya mpya wa mota ya nyuma. Wakanipa uchaguzi: walinunue tena, au nibaki nalo na wanirudishie marejesho ya miezi miwili.

Nilibaki nalo. Mke wangu hakukubaliana nami na sababu zake zilikuwa nzito, maana yeye ndiye aliyekuja kutuchukua pembeni ya I-94. Zangu ni hizi. Gari hili, likiwa zima, ni chombo cha kazi ambacho sijawahi kuwa na mfano wake. Bodini kuna plagi za umeme, na nyumba nyingi ninazofanyia kazi zimekatwa umeme wakati wa ukarabati. Nachomeka mashine ya kukatia, taa na hita, nafanya kazi siku nzima, jioni betri kubwa imepungua kidogo tu. Jenereta nimeiuza. Pikapu yangu ya zamani ilikuwa inakula dola 260 za petroli kwa mwezi. Hili nalichaji nyumbani usiku kwa bei nafuu ya saa za usiku, kama dola 75. Nilinunua wakati serikali kuu bado inatoa nafuu ya kodi ya dola 7,500, ambayo iliondolewa mwishoni mwa Septemba 2025, kwa hiyo anayenunua leo apige hesabu zake upya.

Umbali ni suala jingine. Karatasi ya dukani inasema maili 300. Kiangazi napata 280 bila mzigo. Baridi kali, 180. Nikivuta tela, 140 kiangazi, na wakati wa baridi sijaribu kwenda mbali nalo. Sihesabu hiyo kuwa kasoro, ila muuzaji alipaswa kunitamkia.

Tangu mhandisi yule aondoke, gari limekwenda maili 17,000 hivi, likapita majira yote ya baridi ya 2025 hadi 2026 bila kugoma hata asubuhi moja. Betri ndogo naipima kila Jumapili, na nina pakiti ya kubustia ambayo haitoki nyumbani kwenda ndani ya gari, kwa sababu ukiifungia ndani ya gari lisilofunguka haina faida. Kifuniko cha mahali pa kuchajia bado kinaganda theluji ikiyeyuka na kuganda tena. Shemeji bado ananitumia ujumbe kila akisikia Minnesota kuna baridi: "Ngapi leo?" Namtumia picha ya testa.

Nampa gari nyota nne, huduma nyota moja na nusu.

Linaloniumiza kichwa sasa ni waranti. Betri kubwa na mota zina miaka minane au maili 100,000, na ndiyo namba wanayokutangazia. Lakini betri kubwa haijawahi kunisumbua hata siku moja. Vilivyonisumbua vingi viko kwenye waranti ya kawaida, ambayo kwa gari langu ni miaka mitatu au maili 36,000, na nimeshafika 27,400. Kwa mwendo wangu zitaisha kabla theluji ijayo haijaanza. Nimewaandikia tena, safari hii nikiuliza jambo moja: konekta ya mota ya nyuma na kifaa cha kuchaji betri ndogo vinahesabiwa upande wa miaka minane au upande wa mitatu? Dukani wameniambia kwa mdomo kwamba ni minane. Nasubiri barua, na kama haitafika kufikia mwezi wa nane nitaliuza.