TAHADHARI: "Dawa ya kutu" ya kwenye chupa za maji, wenye magari ya zamani Dodoma kaeni chonjo

Wakuu, kama una Corolla, Mark II, Carina au Hilux ya siku nyingi, na imeanza kutoa madoa ya kahawia kwenye fenda na chini ya milango, soma hii kabla hujatoa hela. Kuna watu wanazunguka kwenye sehemu za kuoshea magari na maegesho hapa mjini na chupa za maji ya kunywa zilizojazwa "dawa ya kutu". Hazina lebo wala jina la kiwanda. Wanakupakia kipande kidogo bure, kutu inatoweka mbele ya macho yako, unakubali bei, wanamaliza gari zima kwa nusu saa na kupuliza rangi nyeusi juu.

Mchezo huu unawalipa Dodoma kwa sababu ya ukame wetu. Kutu inahitaji maji na hewa, na huku tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi. Gari lililopakwa Juni litaonekana safi miezi yote ya kiangazi. Mvua za kwanza zikishuka, rangi inatoa vipele vidogo kama vya joto. Ukikibonyeza kimoja kwa ukucha kinapasuka, na ndani kuna unga wa kahawia wenye majimaji. Kufikia hapo namba ya muuzaji haipatikani.

Chupani kwa kawaida kuna kimojawapo kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni asidi ya kusafishia vyoo na vigae iliyoongezwa maji. Ni kweli inakula kutu haraka, ndiyo maana onyesho lao linavutia. Tatizo ni kwamba inaacha chumvi ndani ya vishimo vya bati, na chumvi hiyo huvuta unyevu. Bati lililong'aa linaanza kupata rangi ya chungwa siku hiyo hiyo, na wao wanawahi kulifunika kwa rangi nyeusi. Kutu inaendelea kula ikiwa imefichwa. Cha pili ni rangi nyeusi au lami iliyoyeyushwa kwa petroli. Hii haitibu chochote, inafunika tu.

Kuzitambua si kazi. Mwambie adondoshe tone kwenye kioo safi, hata cha dirisha la gari, kisha subirini robo saa. Dawa halisi inayogeuza kutu inakuwa nyeusi kwa sababu inakutana na kutu, na kwenye kioo hakuna kutu. Tone likibaki jeusi pale, hiyo ni rangi. Kama kimiminika ni angavu kama maji au cha manjano na mvuke wake unachoma pua hata ukiwa umesimama mbali kidogo, hiyo ni asidi ya vyoo. Usiinamie chupa kuinusa, na asidi hiyo isikutane kabisa na jiki, kwa sababu vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini.

Wakishamaliza juu, wanakuuzia na "kupiga chini". Mara nyingi hiyo ni oili chafu ya injini. Inaharibu bushi na mipira, na kwa vumbi letu, baada ya wiki mbili chini ya gari panakuwa na tope lililogandamana linalotunza maji. Kibaya zaidi, wanaziba vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango na kwenye vizingiti unapokanyaga ukipanda. Maji yanayopita kwenye mpira wa kioo yanabaki ndani ya mlango, na mlango unaoza kuanzia ndani kuja nje. Ukiona vitundu hivyo vimezibwa, vizibue leo kwa waya mwembamba.

Sasa kazi yenyewe inavyotakiwa. Anza kwa bisibisi: chokonoa katikati ya doa. Ikizama, hiyo si kutu ya juu tena, bati limeisha. Hapo ni kukata na kuchomelea bati jipya, na fundi akikujazia puti (ule udongo wa kusawazishia bodi) juu ya tundu amekuibia pia. Bisibisi isipozama, osha kwa sabuni, kausha, futa mafuta kwa thina. Kwangua kwa brashi ya waya, kisha msasa namba 80 mpaka bati ling'ae, ukivuka ukingo wa kutu kwa sentimita 2 hadi 3 kila upande. Watu wengi wanakosea hapo, wanasugua doa lenyewe tu, na kutu iliyotambaa chini ya rangi inayoonekana bado nzima inabaki. Lainisha kingo kwa namba 180, halafu 320.

Dawa ya kugeuza kutu ni ya vile vishimo ambavyo msasa haufiki, si ya kupaka gari zima. Fuata maelezo ya kopo: nyingine zinasuuzwa, nyingine hazitakiwi kuguswa na maji, na kukauka kwake kunaweza kuchukua siku nzima. Baada ya hapo piga praima ya epoksi (rangi ya kwanza inayoshika bati na kuzuia unyevu) mikono miwili, yaani tabaka mbili, ikiwa imechanganywa na dawa yake ya kukausha kwa kipimo cha kopo. Bati tupu lisilale usiku bila praima. Praima ya kawaida ya kopo la kupuliza inapitisha unyevu, usiiache peke yake wiki nzima ukisubiri hela ya rangi. Puti, kama inahitajika, ikae juu ya epoksi. Rangi mikono miwili au mitatu, kisha klia, ile rangi angavu ya kung'arisha ya juu kabisa.

Kama tayari umepakwa ile asidi, usisubiri mvua. Toa rangi nyeusi, osha kwa maji yenye bikaboneti ya soda, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja, suuza kwa maji mengi na ukaushe kwa kompresa hadi kwenye maungio. Maji ya kusuuzia yasiwe ya kisima chenye chumvi, na visima vya namna hiyo Dodoma ni vingi. Msasa na epoksi viwe siku hiyo hiyo. Vaa glavu na miwani.

Ukinunua dawa, nunua kopo lenye lebo na udai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi). Anayekataa kutoa risiti, mwache aende zake. Kama umeshauziwa, usimwage kilichobaki: kiweke kwenye chupa yake mbali na watoto, piga picha ya gari na ya chupa, peleka taarifa TBS (Shirika la Viwango) au Tume ya Ushindani, na polisi kama hela imepotea. Wenye picha za vipele vilivyotoka msimu uliopita waziweke hapa, na waseme gari lilipakwa mwezi gani.