Saa moja juu ya farasi, Msitu wa Ngong Road: nyota nne, na ya tano naijua ilikodondoka

Miaka sita naendesha baiskeli katika Msitu wa Ngong Road hapa Nairobi, na farasi nilikuwa nawajua kwa mambo mawili tu: kinyesi katikati ya njia, na mashimo ya kwato kwenye udongo mweusi. Mvua ikikatika yale mashimo hukauka yakawa kama bakuli, ukipita na baiskeli meno yanagongana. Kwa hiyo binti yangu alipotaka tupande farasi siku yake ya kuzaliwa, nilikubali shingo upande.

Banda lenyewe silitaji jina, mtaelewa mbele. Saa moja ni shilingi 3,500 kwa kila mtu, pamoja na kofia ngumu. Farasi wametunzwa. Nilichungulia migongo wakati wa kutandikwa, sikuona kidonda hata kimoja. Nilipewa jike la kijivu, mpole, ila mlafi wa majani ya kandokando.

Kiongozi wetu ndiye aliyenifurahisha zaidi. Kabla ya kutoka alituambia, "Tukikutana na mtu, sisi ndio tunaanza salamu." Nikacheka moyoni. Madrasa ya Mombasa tulifundishwa hivyo hivyo: aliyepanda humsalimia anayetembea.

Kwenye kona moja baiskeli ikatokea kwa kasi, kimya. Kabla sijaiona, nilihisi jike langu likikakamaa chini ya mapaja yangu, masikio mbele, shingo ngumu kama gogo. Kiongozi akainua mkono. "Habari ya asubuhi, boss! Simama kidogo, sema chochote akusikie." Kijana, mguu chini, akababaika: "Eeh... habari yako, farasi." Shingo ikalegea pale pale. Baadaye nilielezwa kwamba farasi huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya pua, na kitu kisichotoa sauti hukiona kama mnyama anayewinda. Sauti ya mtu humwondolea shaka.

Huko Marekani desturi ya njia za pamoja ni kwamba baiskeli humpisha kila mtu, na anayetembea humpisha farasi. Sawa. Lakini kupishwa si ruhusa ya kupita kama gavana na msafara wake. Kiongozi wetu alipishwa na kina mama watatu wa mazoezi, akashika mwendo wa polepole mpaka wa mwisho, akashukuru. Farasi wake alipoangusha kinyesi alishuka, akakisukumia majanini kwa buti. Miaka sita, ndiyo mara ya kwanza naona hilo!

Sasa ile nyota. Tukirudi, wapanda farasi watatu wa banda hilo hilo walitupita mbio, bila neno. Mbele yao palikuwa na baba na mtoto wa kama miaka minne. Baba alimnyakua mkono akamtupa kichakani karibu amtegue bega. Matope yaliwafika usoni. Farasi wangu naye akataka kufuata wenzake, nikashikilia hatamu na dua zote ninazozijua. Ofisini nililalamika. Nikajibiwa, "Hao ni wateja wazoefu, wanajua kupanda." Kwani nilisema hawajui kupanda?

Pia waulizeni kama wanatoka siku ya matope. Mimi niliambiwa wanatoka siku zote, na yale mabakuli ya udongo nikajua yanakotoka.

Hata hivyo tutarudi, asubuhi na mapema, na nimeomba kiongozi yule yule. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye baiskeli yangu, nikakaribia ile kona, nikapaza sauti: "Habari ya asubuhi!" Farasi hakuwepo. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga kamba za viatu akaitikia, "Njema, kijana, mbona unapiga kelele?"